Matoleo saba ya ripoti moja: uchambuzi wa kisa cha marekebisho kati ya asasi na mbunifu wa kujitegemea

Asasi moja ilihitaji ripoti ya mwaka: kurasa 24 za A4, zibanwe kwa pini kwenye mkunjo, na pamoja nazo faili la kusomwa kwenye skrini. Haikuwa na mbunifu wa kuajiriwa, kwa hiyo ikampa kazi mbunifu wa kujitegemea anayefanyia shughuli zake nyumbani, mbali na ofisi yao. Makubaliano yalikuwa mafupi lakini si mabaya: bei moja kwa kazi nzima, awamu mbili za marekebisho, na tarehe ya kupeleka faili kwa mchapaji. Toleo la kwanza lilifika kwa wakati, na kwa macho yangu lilikuwa zuri.

Mwezi mmoja baadaye nafasi yao kwenye mtambo wa uchapaji ilikuwa imepita, mbunifu ametuma matoleo saba, na mkurugenzi wa asasi ameshaandika barua ya kuvunja mkataba. Kabla barua haijatumwa, pande zote mbili zilikubali nisome mawasiliano yao yote tangu mwanzo. Nilitarajia kumkuta mvivu au mkaidi upande mmoja, nisimwone. Nilichokikuta ni watu waliojibizana haraka mno, kila siku, kuhusu mambo ya aina tofauti yaliyotumwa kana kwamba ni ya aina moja.

Maoni yalivyofika

Watu watano walikuwa na haki ya kutoa maoni: mkurugenzi, mwenyekiti wa bodi, mhasibu, ofisa miradi na ofisa mawasiliano. Kila mmoja alitumia njia aliyoizoea. Ofisa mawasiliano aliandika barua pepe. Mhasibu alituma jedwali lenye safu ya ukurasa na safu ya sahihisho, na hilo ndilo lililokuwa na unafuu kuliko yote. Ofisa miradi alichapa kurasa, akaziandika kwa kalamu pambizoni, akazipiga picha kwa simu na kuzituma WhatsApp, ambako picha hubanwa ukubwa. Maandishi ya kalamu yakafika yamefifia. Mkurugenzi alipiga simu. Mwenyekiti alituma ujumbe wa sauti.

Ule ujumbe wa sauti unastahili kusikilizwa kwa makini, maana ndiyo njia ambayo watu wengi wenye shughuli nyingi huikimbilia. Mwenyekiti anaanza kwa shukrani, anapitia ripoti kwa mpangilio wa kumbukumbu yake, anarudi nyuma, anasema: “Ile picha ya akina mama ningependa iwe kubwa zaidi, na yale maneno ya chini yapunguzwe, yamezidi.” Ripoti ilikuwa na picha mbili za akina mama, ukurasa wa 6 na ukurasa wa 19. Maneno ya chini yanaweza kuwa maelezo ya picha, tanbihi, au aya nzima inayofuata. Mbunifu hakuuliza. Alikisia ukurasa wa 6, akakuza picha, akafupisha maelezo yake, akatuma toleo la 3. Mwenyekiti alikusudia ukurasa wa 19. Toleo la 4 likazaliwa hapo, na ukurasa wa 6 ukabaki na picha kubwa ambayo hakuna aliyeiomba.

Hapa mbunifu ana sehemu yake ya lawama, na nadhani ni sehemu ambayo wabunifu wengi wa kujitegemea hawaioni, kwa sababu wao huiita huduma nzuri. Kila ujumbe ulipoingia, alifungua faili, akarekebisha, akatuma toleo jipya jioni ile ile. Hakuwahi kusema, “Nasubiri maoni ya wote kwanza.” Matokeo yake watu watano walikuwa wakisoma matoleo tofauti kwa siku moja. Mhasibu alipokuwa anatoa maoni juu ya toleo la 2, mkurugenzi alikuwa na la 4 mkononi, na wote wawili walidhani wanazungumzia kitu kimoja.

Na zile awamu mbili? Kwenye mkataba hapakuwa na sentensi inayosema awamu ni nini. Asasi iliamini awamu moja ni hadi kila mtu atakaporidhika na kila kilichoombwa. Mbunifu aliamini kila toleo analotuma ni awamu, ila akaona haya kusema kwamba zimekwisha. Alinyamaza mpaka toleo la 6, kisha akataja malipo ya ziada kwa mara ya kwanza, katika ujumbe ule ule wa kuomba radhi kwa kosa la tarakimu. Mkurugenzi alivyousoma ujumbe huo, alielewa kwamba anatozwa fedha kwa kosa la mtu mwingine.

Tarakimu iliyorudi

Kosa hilo la tarakimu ndilo lililozaa barua ya kuvunja mkataba, basi tulifuate hatua kwa hatua. Katika jedwali la 2, ukurasa wa 14, jumla ilisomeka 43,810. Sahihi ni 48,310. Mhasibu aliliona mapema, akaandika sahihisho lisilo na utata, na toleo la 2 likaja na tarakimu sahihi. Matoleo ya 3 na ya 4 nayo yalikuwa sawa. Toleo la 5 likaja na 43,810.

Mhasibu alihitimisha kwamba mbunifu ni mzembe. Ni hitimisho la haraka, ingawa yeyote angelifikia. Kilichotokea ni kwamba ofisa miradi, kati ya toleo la 4 na la 5, alitaka kubadilisha sentensi chache katika sura yake. Badala ya kuzitaja sentensi hizo, alifungua hati ya Word aliyokuwa nayo tangu mwanzo, akabadilisha alichotaka, akaituma nzima na maelezo haya: “Sura ya tatu nimeiboresha, tumia hii.” Hati ile ilikuwa ya kabla ya sahihisho la mhasibu. Mbunifu alifuta sura ya zamani, akamwaga mpya. Kosa la tarakimu likarudi pamoja na makosa mengine manne ya tahajia ambayo yalikwisha kusahihishwa.

Maandishi yakishaingia kwenye kurasa, hati ya Word inakuwa kumbukumbu tu. Maandishi hai yako ndani ya faili la mbunifu, na mtu anayerudi kwenye hati ya zamani anafuta kazi ya wenzake bila kujua. Ofisa miradi hakufanya hila yoyote, hakuna aliyemwambia. Mbunifu naye angeweza kulinganisha hati mpya na ile ya kwanza, maana Word ina amri ya kulinganisha hati mbili na kuonyesha tofauti zote. Angeona sentensi tano zilizobadilika, akazihamisha hizo tu.

Nembo kubwa, picha kubwa, nafasi kubwa

Jalada lilipata maoni matatu kwa wiki moja. Mwenyekiti: picha ikuzwe. Mkurugenzi: nembo ikuzwe, na kichwa pia. Ofisa mawasiliano: jalada lipate nafasi tupu, limebanana. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297, na maoni haya matatu yanagombea milimita zile zile. Mbunifu alitengeneza majalada matatu, kila moja likimridhisha mmoja na kuwaudhi wawili.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sikubaliani na kuitumia methali hiyo hapa kirahisi, kwa sababu macho ya watu wote watano yalihitajika. Mhasibu peke yake ndiye aliyeweza kujua kwamba jumla si sahihi. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyejua kwamba mmoja wa watu waliopigwa picha ukurasa wa 19 amefariki, na familia yake inangoja kuiona ripoti. Kasoro ilikuwa kwamba mgongano wao uliachwa usuluhishwe na mtu wa nje, asiye na mamlaka juu ya yeyote kati yao, kwa kutumia vipimo vya picha. Mbunifu hawezi kumwambia mwenyekiti kwamba mkurugenzi ana hoja nzito zaidi. Wenyewe ndani ya asasi wanaweza, ingawa kwao pia ilikuwa vigumu: mwenyekiti ni mtu mzima anayeheshimiwa, na kila aliyeliona tatizo alipendelea kulipitisha kwa mbunifu kuliko kulifikisha kwake.

Nilimuuliza mkurugenzi anahofia nini nembo ikibaki ilivyo. Akasema wafadhili hawataiona. Tukaitazama tena. Nembo ilikuwa na rangi iliyokoza, imewekwa juu ya sehemu ya picha yenye kivuli. Hata ingekuzwa mara mbili ingebaki haionekani, ingekuwa tu kitu kikubwa kisichoonekana. Dawa ilikuwa kuisogeza kwenye anga jeupe upande wa pili wa picha ile ile. Mbunifu angeliona hilo mara moja kama angeambiwa hofu, lakini aliambiwa “kuza nembo,” na alitii alichoambiwa.

Kurasa 25 haziwezekani

Ofisa miradi aliongeza pia kisa cha mnufaika mmoja, maneno kama 180, ukurasa wa 17. Kwake ilikuwa nyongeza ndogo. Lakini kijitabu kinachobanwa kwa pini kwenye mkunjo kinatengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa mara moja, na kila karatasi iliyokunjwa inatoa kurasa 4. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Maneno yale 180 yalisukuma maandishi hadi ukurasa wa 25, na baada ya 24 inayofuata ni 28.

Mbunifu alijua, na badala ya kusema, alipunguza fonti kutoka pointi 10 hadi 9 ripoti nzima ili itoshe. Ilitosha. Siku mbili baadaye mwenyekiti akalalamika kwamba maandishi ni madogo na anasoma kwa shida. Hakuna aliyeunganisha malalamiko hayo na kisa cha ukurasa wa 17. Katika mawasiliano yanaonekana kama maombi mawili yasiyohusiana, kutoka kwa watu wawili, na kila moja likiwa na haki. Ukimya wa mbunifu juu ya gharama ya nyongeza ile uliwagharimu toleo zima.

Desturi ya kale yenye msaada

Wasomaji wa prufu (nakala ya majaribio inayosomwa na kusahihishwa kabla ya kuchapa) wa Uingereza walikuwa na desturi ya kusahihisha kwa rangi. Kijani ilikuwa ya msomaji wa kiwanda cha uchapaji mwenyewe. Nyekundu ilionyesha kosa la mpanga herufi. Buluu au nyeusi ilionyesha badiliko la mwandishi, yaani kitu ambacho hakikukosewa ila mwandishi amebadilisha nia. Rangi hizi zilihusu bili. Enzi za herufi za madini ya risasi, kuongeza neno moja kungeweza kulazimisha mistari yote ya aya ipangwe upya kwa mkono, na ilibidi ijulikane ni nani analipia kazi hiyo.

Kompyuta imeifanya kazi hiyo isionekane, na pamoja nayo ikapotea busara ya kutenganisha. Katika mawasiliano niliyosoma, “tarakimu si sahihi,” “jalada halinivutii” na “ongeza kisa hiki” vimekaa katika ujumbe mmoja, mistari mitatu inayofuatana. Vinahitaji majibu matatu tofauti kabisa.

Basi tulitenganisha. Ofisa mawasiliano alipewa jukumu la kuwa mlango pekee: maoni yote yapitie kwake, na mbunifu asipokee neno kutoka kwa mwingine yeyote. Alichukua toleo la 7, akayabandika maoni yote kwenye PDF moja, kila oni likiwa mahali pake hasa kwenye ukurasa. InDesign, programu aliyotumia mbunifu, inaweza kuyaingiza maoni ya PDF moja kwa moja tangu toleo lake lililotoka Oktoba 2018, kwa hiyo mbunifu aliweza kuruka kutoka oni hadi oni bila kutafuta ukurasa. Kila oni lilipewa namba na herufi: K kwa kosa, T kwa tatizo, M kwa mabadiliko.

Kosa linaandikwa kwa amri kamili, maana halina mjadala:

“K11. Uk. 14, jedwali la 2, mstari wa mwisho: 43,810 iwe 48,310.”

Tatizo linaandikwa bila dawa. Anayelalamika anasema anaona nini na kinamuumiza msomaji yupi, kisha anaishia hapo:

“T3. Jalada: nembo haionekani ukiishika ripoti kwa umbali wa mkono. Wafadhili wanatakiwa kuitambua mara ya kwanza.”

Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Watu waliozoea kuelekeza wanahisi wamenyang’anywa kitu wanapozuiwa kuandika “kuza” au “weka nyekundu.” Mwenyekiti alituma T yake ikiwa na maagizo matatu ndani. Ofisa mawasiliano hakuyafuta. Alimpigia, akamuuliza angependa msomaji ahisi nini akifika ukurasa wa 19, na akaandika jibu lake neno kwa neno. Jibu lilikuwa kwamba familia ya marehemu ikifungua ripoti, imwone ndugu yao, isimtafute. Mbunifu alipolisoma, hakuikuza picha. Aliikata upya ili uso wa mtu yule uwe katikati. Mwenyekiti alikubali papo hapo.

Mabadiliko yanaandikwa kama ombi linalongoja bei, iwe ya fedha, ya muda au ya nafasi:

“M2. Uk. 17: tungependa kuongeza kisa hiki, maneno 180, yamebandikwa hapa. Kama hayatoshi bila kuongeza kurasa, tuambie tuchague nini.”

Na mbunifu haruhusiwi kugusa M yoyote kabla ya kujibu. Alijibu kwamba kuna njia tatu: kurasa 28, au kuondoa picha ya ukurasa mzima wa 18, au kisa kipunguzwe hadi maneno 70. Asasi ikaondoa picha. Fonti ikarudi pointi 10, na lalamiko la mwenyekiti kuhusu macho likaisha bila kuandikwa popote.

Kabla orodha haijatumwa, watano wale walikutana kwa muda mfupi kumaliza migongano. Maoni yaliyopingana yalifutwa yote mawili na kuandikwa moja jipya. Nilipolinganisha baadaye, zaidi ya nusu ya walichokuwa wamemtumia mbunifu kwa mwezi mzima kilikuwa ama kimerudiwa au kimepingwa na mwenzao.

Mbunifu naye alirudisha orodha ile ile, na mbele ya kila namba moja kati ya majibu matatu: “nimefanya”; “nimefanya kwa namna nyingine, na sababu ni hii”; au “nina swali.” Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linampa nafasi ya kutumia ujuzi anaolipwa kwa ajili yake bila kujificha, kama alivyojificha alipopunguza fonti. Mafaili nayo yakapewa majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, ili yajipange yenyewe, na matoleo ya zamani yakahamishiwa kwenye folda ambayo asasi haikuwa na kiungo chake.

Jambo moja nililotofautiana nao ni pendekezo la mkurugenzi la kupiga marufuku simu na ujumbe wa sauti kabisa. Kwa K na M, sawa: tarakimu isisemwe kwa mdomo, na ahadi ya malipo iandikwe. Lakini kwa T, sauti ina nguvu ambayo maandishi hayana. Jibu la mwenyekiti kuhusu familia ya marehemu lisingepatikana kwa fomu. Simu ipigwe, ila apige mmoja, na akimaliza aandike.

Toleo la 8 lilikuwa na maswali manne tu kutoka kwa mbunifu. Toleo la 9 likaenda kwa mchapaji.

Malipo yalisuluhishwa kwa orodha ile ile. Makosa ya K yaliyotokana na mbunifu, bure. T zote, ndani ya bei ya awali. M, zilipiwe. Lililobaki lilikuwa ile tarakimu iliyorudi, ambayo kila upande uliona ni ya mwenzake. Mtazamo wangu ulikuwa kwamba aliyetuma hati ya zamani ndiye aliyeanzisha, na aliyeimwaga bila kulinganisha ndiye aliyeikamilisha. Kazi ya toleo la 5 ikagawanywa nusu kwa nusu. Barua ya kuvunja mkataba haikutumwa.

Mkataba wao mpya una kifungu kinachosema: “Awamu moja ni orodha moja, iliyotumwa na mtu mmoja, juu ya toleo moja.” Kingine kinasema kwamba prufu ya mchapaji ikishatoka, yanapokelewa maoni ya K peke yake. Hicho kilijaribiwa mapema: mkurugenzi alipoona buluu ya jalada imefifia kwenye karatasi, akataka ibadilishwe. Skrini hutoa rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, mtambo hutumia wino wa rangi nne, na baadhi ya buluu kali za skrini wino hauwezi kuzifikia. Halikuwa kosa la mtu, kwa hiyo lilikuwa T, na wakati wa T ulikuwa umepita. Niliwashauri waongeze prufu ya rangi ya jalada peke yake mwanzoni mwa kazi, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua buluu nyingine. Niliwashauri pia waandike asasi ina siku ngapi za kurudisha orodha yake, kwa sababu tarehe zote za mkataba, ule wa zamani na huu mpya, bado zinambana mbunifu peke yake.